Jinsi ya kupima uzito wa hati ya Papa kabla ya kuifundisha jumuiyani

Ujumbe ukizunguka kwenye simu kwamba "Papa ameruhusu" au "Papa amekataza", watu wa kigango chetu, kanisa dogo la parokia hapa Malindi, hunijia mimi kwanza. Padre ana vigango vingi, na katekista, mwalimu wa dini, ndiye aliye karibu. Neno nitakalosema chini ya mwarobaini baada ya ibada ndilo litakalofika nyumbani kwao, kwa hiyo sitaki kulisema kwa kukisia. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Naanza kusoma mwishoni mwa hati, penye tarehe na sahihi. Aliyetia sahihi akiwa Papa mwenyewe, hiyo ni hati ya Papa. Akiwa kardinali wa Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, hiyo ni hati ya Baraza, hata kama Papa ameiidhinisha. Tamko la Fiducia Supplicans kuhusu baraka, la tarehe 18 Desemba 2023, lilitoka hivyo: sahihi ni ya Kardinali Víctor Manuel Fernández, na Papa Fransisko akaliidhinisha. Lina mamlaka yake, lakini si waraka wa kitume (ensiklika) wala si dogma, yaani fundisho la imani lisilobadilika. Maneno ya Papa akijibu waandishi wa habari ndani ya ndege, hayo yana uzito mdogo zaidi. Tunayasikiliza kwa heshima, hatuyageuzi kuwa somo la katekisimu.

Kisha natazama aina ya hati, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba hati yenye jina kubwa ndiyo yenye fundisho zito. Katiba ya kitume ndiyo aina ya hadhi ya juu kabisa. Papa Pius XII aliitumia tarehe 1 Novemba 1950, katika Munificentissimus Deus, kutangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Hilo ni fundisho lisilokosea, na Mkatoliki analiamini kwa utii wa imani. Lakini katiba ya kitume ndiyo hutumika pia kuunda majimbo. Jimbo letu la Malindi lilizaliwa tarehe 2 Juni 2000, Papa Yohane Paulo II alipolimega kutoka Jimbo Kuu la Mombasa. Mpaka wa jimbo, Papa mwingine anaweza kuusogeza. Fundisho la kupalizwa kwa Mama Maria, hakuna wa kuligusa.

Kinyume chake nacho kipo. Wasichana wa Kipaimara huniuliza kwa nini mwanamke hapewi upadre. Jibu liko katika Ordinatio Sacerdotalis ya tarehe 22 Mei 1994, barua ya kitume fupi sana. Ndani yake Yohane Paulo II anasema Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja hiyo, na kwamba waamini wote wanapaswa kulishika hilo kama uamuzi wa mwisho. Barua iko chini ya katiba, lakini fundisho lake ni zito kuliko la katiba nyingi.

Kwa hiyo pimeni kwa vipimo vitatu ambavyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, uliviweka katika Lumen Gentium, hati yake kuhusu Kanisa, namba 25: aina ya hati, kurudiwa rudiwa kwa fundisho, na namna Papa anavyolisema. Anatangaza? Anafundisha? Anaagiza? Au anashauri tu?

Waraka wa kitume, ule uitwao ensiklika, huwa ni kazi ya kufundisha. Rerum Novarum ya 1891 kuhusu haki za wafanyakazi na Humanae Vitae ya 1968 kuhusu uzazi ziko humu. Tunazipokea kwa utii wa akili na nia, hata pasipo dogma. Ila ndani ya waraka mmoja, uzito haulingani kila aya. Mzee mmoja wa jumuiya yetu huuza boriti za mikoko kutoka Lamu. Tuliposoma Laudato Si' ya 2015, waraka wa Papa Fransisko kuhusu mazingira, tukafika aya ya 39, inayotaja kupotea kwa mikoko ya pwani, aliniuliza, "Mwalimu, ina maana nikiuza boriti natenda dhambi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, tuendelee kusoma." Aya ya 39 inaeleza hali ilivyo. Aya ya 188 Papa mwenyewe anasema Kanisa halidai kumaliza maswali ya sayansi wala kushika nafasi ya siasa. Aya ya 217 ndiyo inayotuwajibisha: kulinda kazi ya Mungu si jambo la hiari kwa Mkristo. Biashara yake haikuhukumiwa pale, lakini wajibu wa kuuliza zile boriti zinakatwaje, huo hawezi kuukwepa. Alinyamaza kidogo, akaomba tuisome tena ile ya 217.

Wosia wa kitume mara nyingi hufuata sinodi, yaani mkutano wa maaskofu, na huhimiza maisha ya Kanisa, kama Ecclesia in Africa, uliotiwa sahihi Yaoundé tarehe 14 Septemba 1995. Motu proprio, barua ambayo Papa huitoa kwa hiari yake mwenyewe, kwa kawaida huweka sheria au utaratibu. Ifuateni, mkijua Papa ajaye anaweza kuibadilisha. Makatekista wenzangu, someni Antiquum Ministerium ya tarehe 10 Mei 2021. Ndiyo iliyoweka rasmi huduma yetu, na inauma kuona wengi wetu hatujawahi kuifungua.

Basi, ujumbe ukiletwa, mwombe aliyeuleta vitu vitatu: jina la hati, tarehe na namba ya aya. Asipokuwa navyo, mwambie utamjibu Jumapili ijayo. Itafute hati kwenye tovuti ya Vatikani, isome aya inayotangulia na inayofuata, na ukikwama mpigie paroko kabla hujasimama mbele ya watu.