Omba matunzo ya muda, usisubiri hukumu

Dada unayetafuta wakili wa kesi ya talaka, mwambie aombe matunzo yako (fedha za kujikimu kutoka kwa mumeo) kesi ikiwa bado inasikilizwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaruhusu, na kesi huburuzwa wakati kodi na unga havisubiri. Nenda na karatasi moja ya matumizi ya mwezi (kodi, chakula, luku, dawa) pamoja na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha mumeo alichokuwa anakutumia. Hakimu hupima mahitaji yako na uwezo wa mumeo, kwa hiyo tarakimu zitakubeba kuliko machozi. Ugumu uko kwa mume asiye na mshahara: kipato chake lazima ukithibitishe. Ukiolewa tena, matunzo yako mwenyewe yanakoma.