SOMO: Kupima namba ya Mersenne kwa kikokotoo cha simu

Vijana wa tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, hawaishi kuniuliza: "Mwalimu, nani aligawa 2^127 − 1 kwa namba zote mpaka akajua ni tasa?" Hakuna aliyegawa. Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876, tarakimu 39, kompyuta hazijakuwepo. Njia aliyoianzisha, Mmarekani Derrick Lehmer akaja kuinyoosha, ndiyo hii. Ni ya namba za umbo la 2^p − 1 tu, ndizo zinazoitwa namba za Mersenne.

1. Hakikisha p ni namba tasa, na si 2.

2. Tafuta M = 2^p − 1. Tuchukue p = 7, M = 127.

3. Anza na 4.

4. Izidishe namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa M, chukua baki. Rudia mara p − 2.

Hapa niliwahi kuharibu. Kwa p = 7 unarudia mara 5: 14, 67, 42, 111, 0. Ile 4 ya kuanzia HAIHESABIWI. Mimi niliihesabu, nikaishia kwenye 111, nikaandika ubaoni kwamba 127 si tasa. Binti wa dawati la mbele akauliza, "Inagawanyika kwa ngapi, mwalimu?" Nikakosa la kumjibu. Ukipitiliza mara moja nako umepotea: 0 inakuwa −2, yaani 125. Andika namba ya mzunguko pembeni ya kila baki.

5. Baki la mwisho likiwa 0, M ni tasa. Likiwa jingine lolote, si tasa.

MASWALI

— Naomba jibu tu, 2^15 − 1 ni tasa?

Soma hatua ya 1. 15 si tasa, basi na 2^15 − 1 si tasa.

— Inafaa kwa 91?

Haifai. Nimeandika juu kabisa ni namba zipi.

— Shikamoo mwalimu. Kwa p = 11 nimepata 1736. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea popote. 2047 ni 23 × 89, p kuwa tasa peke yake hakutoshi. Sasa tazama: 23 ni 2 × 11 + 1, na 89 ni 8 × 11 + 1. Kigawo tasa chochote cha 2^p − 1 ukikigawa kwa 2p kinabakiza 1. Mwanahisabati Euler aliitumia sifa hiyo, pamoja na nyingine ya kugawa kwa 8, kuthibitisha mwaka 1772 kwamba 2^31 − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa. Badala ya kuhangaika na namba zote hadi 46,340, zilimbakia zisizofika 400. Jaribu p = 13, uniletee mabaki yote.

— Nikifika p = 31 simu inaleta herufi E.

Tarakimu za mwisho zimekatwa, na baki linazitegemea hizo hizo. Tumia Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), au karatasi.

— Kwa p = 7 mimi sigawi kabisa. 67 × 67 − 2 ni 4487, nayo ni 128 × 35 + 7, najumlisha 35 + 7 = 42. Baki hilo.

Dada, hiyo ni nzuri sana! Inakubali kwa sababu 128 ukiigawa kwa 127 inabaki 1. Wote mwigeni.

— Nimemwiga kwenye 111 × 111 − 2, yaani 12,319. Napata 96 + 31 = 127, sipati 0.

127 ukiigawa kwa 127 inabaki ngapi? Umeshafika.