Kiraka chako ni mali ya nani?

Ukiwa umeajiriwa ofisini pale Mwanga, Kigoma, ukarekebisha hitilafu ya programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) ndani ya saa za kazi, usidhani marekebisho hayo, yaani kiraka, ni yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humpa mwajiri haki za kiuchumi za kazi iliyofanywa katika ajira, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kabla ya kukitoa kwa mradi, omba ruhusa kwa maandishi. Barua pepe ya mistari miwili yatosha. Ukiridhika na ruhusa ya mdomo, bosi akihama umeachwa kwenye mataa.

Miradi mingi, kernel (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux ikiwamo, hudai mstari wa Signed-off-by wenye jina na barua pepe yako: unathibitisha kuwa una haki ya kuutoa msimbo huo. Kwenye git, chombo cha kutunza mabadiliko ya msimbo, tumia `git commit -s`. Umesahau? `git commit --amend -s` hutibu badiliko la mwisho. `git rebase --signoff HEAD~3` hutibu matatu ya mwisho.

Miradi kadhaa ya GNU, mkusanyiko wa programu huria, hutaka uhamishe hakimiliki kwa Free Software Foundation, taasisi inayoudhamini. Kiraka kisichofika mistari 15 hivi husamehewa, ila vidogo vidogo hujumlishwa.

Wengi hunaswa kwenye kunakili. Msimbo wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, una leseni ya CC BY-SA: umtaje mwandishi na utoe kazi yako kwa masharti yaleyale. Ukiubandika kwenye mradi wa MIT, leseni yenye masharti machache, masharti hayo huja nao. Elewa wazo, funga ukurasa, andika upya. Kubadili majina ya vigeu tu ni kupaka rangi baiskeli ya wizi.