Stenti kwa mbwa aliyepooza zoloto: hatua za kufuata kabla ya kuamua

Mbwa mzee, hasa Labrador, akianza kubweka kwa sauti iliyokauka na kuvuta pumzi kwa mkwaruzo, wengi husema ni uzee. Mara nyingi neva inayoendesha misuli ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho juu ya bomba la hewa, imedhoofika, na gegedu mbili zinazopaswa kufunguka kila anapovuta pumzi zimebaki zimeziba njia. Ndipo wengine huuliza kuhusu stenti, yaani kijibomba kinachowekwa ndani ya njia ya hewa ili ibaki wazi.

Kwanza, mtulize. Akihema kwa shida, mpoze kwa maji na feni, kisha mwahishe kwa daktari wa mifugo apewe oksijeni na dawa ya kumtuliza, kwa kuwa kadiri anavyohangaika ndivyo zoloto linavyozidi kuziba.

Pili, ugonjwa uthibitishwe. Mbwa hupewa dawa ya usingizi kidogo tu, ili aendelee kupumua mwenyewe, kisha zoloto huchunguzwa kwa macho. Hapa ndipo makosa hutokea: gegedu zilizopooza huweza kuonekana zinacheza, kumbe zinapeperushwa na hewa. Kwa hiyo msaidizi hutazama kifua na kutamka, “anavuta, anatoa”. Zikivutwa ndani wakati wa “anavuta”, jibu limepatikana.

Tatu, kifua kipigwe eksirei, kutafuta nimonia na umio uliotanuka.

Nne ndiyo stenti yenyewe. Ile ya wavu wa chuma, wanayowekewa mbwa wadogo kama Yorkshire terrier ambao bomba lao la hewa husinyaa, hukaa chini ya zoloto. Haisaidii kitu mlango wa juu ukiwa umefungwa. Ya silikoni, inayokaa ndani ya zoloto, imejaribiwa, lakini inaweza kuhama, kuleta kikohozi na kumfanya mbwa apaliwe. Mimi huifikiria kwa mbwa asiyeweza kuhimili upasuaji. Kwa wengine napendekeza gegedu ya upande mmoja ivutwe kando na kushonwa hapo. Kufungua pande zote mbili huongeza hatari ya kupaliwa.

Swali: Daktari, mbwa wangu ana miaka 12 na miguu ya nyuma inalegea. Stenti itamsaidia?

Jibu: Pumzi huenda ikapata nafuu, miguu haitabadilika, kwani aghalabu ni ugonjwa uleule wa neva unaoendelea kuenea polepole mwilini.

Swali: Baada ya upasuaji anaweza kuogelea?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na najua inauma kwa mbwa aliyezoea bahari. Zoloto lililofunguliwa haliwezi tena kuyazuia maji yasiingie mapafuni. Mtembeze asubuhi kabla ya jua kali, kwa mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni.