Kikokotoo kikae kwanza kwenye begi
Mwalimu mwenzangu, ukiwapa wanafunzi jedwali, usiwaruhusu kukimbilia hesabu. Andika ubaoni takwimu za sensa ya Tanzania: mwaka 2012 watu milioni 44.9, mwaka 2022 milioni 61.7. Kila mmoja aandike sentensi moja tu, kwa maneno yake: nini kimebadilika, wapi, kati ya lini na lini. Hapo ndipo utakapowanasa wanaoandika "watu wameongezeka kwa asilimia 17". Hiyo ni karibu milioni 17, jamani! Asilimia yenyewe ni kama 37, maana nyongeza unaigawa kwa idadi ya 2012. (Wapo watakaogawa kwa 61.7, tena kwa kujiamini kabisa.) Kisha wabadilishane madaftari, kila mtu amsahihishie jirani yake kwa penseli.