Kaa Ukingo wa Mashariki: Kupiga Picha za Ndege Asubuhi kwenye Ziwa la Mjini

Ziwa la mjini lina neema moja ambayo bwawa la porini halina: ndege wake wamezoea watu. Bata ambaye kwingineko angeruka ukiwa bado mita 80, hapa anaendelea kuchambua manyoya yake mita 10 tu kutoka njia ya wakimbiaji. Kazi ya kunyemelea imepungua sana. Iliyobaki ni kujua pa kukaa, na hapo ndipo asubuhi nyingi hupotea. Anayezunguka ziwa zima hurudi na mamia ya picha za mikia. Anayechagua mita 20 za ukingo na kutulia hapo saa mbili hurudi na picha chache zenye macho, mwanga na tendo.

Kuchagua ukingo

Asubuhi kaa ukingo wa mashariki ukitazama magharibi, ili mwanga upite begani kwako na kumwangukia ndege usoni. Kipimo chake ni kivuli chako mwenyewe: kikimwelekea ndege, uko sawa. Kikienda pembeni, ubavu mmoja wa ndege utakuwa gizani. Ukiwa unatazamana na jua, utapata umbo jeusi tu juu ya maji yanayometa. Picha za namna hiyo zina uzuri wake, ila dakika zake ni zile za kwanza kabisa, jua likiwa bado jekundu.

Mjini kuna jambo la ziada: majengo. Ghorofa lenye kimo cha mita 40 likiwa mita 200 nyuma yako litaziba jua mpaka lifikie nyuzi 11 hivi juu ya upeo. Karibu na ikweta jua hupanda takribani nyuzi 15 kwa saa, maana yake mwanga utakufikia dakika 45 baada ya muda wa macheo ulioandikwa kwenye simu. Mbali na ikweta jua hupanda kimshazari, na utangoja zaidi. Ndiyo maana inafaa kwenda asubuhi moja bila kamera, ukatazame tu mwanga unavyoingia. Utaona ng'ambo inaangaza kwanza, kisha mpaka wa kivuli unasogea polepole kuja upande wako. Tafuta pengo kati ya majengo mawili. Mwanga unaopita hapo hutandika mkanda mwembamba juu ya maji, na ndege akiogelea kuingia ndani yake huku nyuma kukiwa bado na giza, hapo una picha ambayo mchana mzima hauwezi kukupa.

Baada ya jua, pima upepo. Ndege huruka na hutua wakiukabili upepo. Upepo ukiwa mgongoni kwako, wanaotua watakuja na nyuso zao. Ukikupiga usoni, utapata mikia. Jua na upepo vikigombana, lifuate jua kwa saa ya kwanza, kwa kuwa alfajiri maji huwa yametulia mara nyingi, na uwafuate wanaoogelea na wanaosimama kuliko wanaoruka.

Kisha angalia kilicho ng'ambo. Maji hubeba rangi ya kitu kinachojikioo ndani yake. Mstari wa miti huyafanya kijani kizito, ukuta wa matofali huyageuza rangi ya shaba, na bango jeupe au gari lililoegeshwa huacha doa ambalo hutaliona mpaka ufungue picha nyumbani. Kusogea hatua mbili kushoto mara nyingi kunatosha kulikwepa.

Ukubwa wa lenzi, kwa hesabu

Lenzi ya milimita 400 inatosha kwa maziwa mengi ya mjini. Hesabu yake ni hii: bata mwenye urefu wa sentimita 30 akiwa mita 10, ataonekana kwa urefu wa milimita 12 kwenye kihisi cha kamera. Kihisi kamili kina upana wa milimita 36, kwa hiyo atajaza theluthi moja ya picha. Kihisi kidogo chenye upana wa milimita 24 hivi, bata huyo huyo atajaza nusu. Akiwa mita 20, gawa kwa mbili. Ukijua hesabu hii hutahangaika kupiga ndege aliye mita 60 kisha ulaumu lenzi.

Hesabu ya pili ni ya kina cha fokasi. Kwa lenzi hiyo hiyo kwenye f/5.6 (namba ya ukubwa wa tundu la lenzi) na kihisi kamili, ndege akiwa mita 10, eneo lililo wazi kabisa ni kama sentimita 20 tu, kutoka mbele hadi nyuma. Kukuziwa wawili wakiwa wamepishana nusu mita, mmoja atafifia. Ngoja walingane umbali, au chagua mmoja na umwache mwenzake afifie kabisa.

Vingine vya kubeba ni betri ya akiba, kadi mbili za kumbukumbu, kitambaa cha kufutia lenzi, turubai ndogo ya kulalia, na mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele mpaka robo tatu. Mfuko huo ukiuweka chini na kulaza lenzi juu yake, unashinda stendi ya miguu mitatu kwa kazi hii, kwani kamera inabaki sentimita 20 hadi 30 juu ya maji.

Urefu huo una sababu. Ukisimama wima, unamtazama bata kutoka juu, na nyuma yake kuna maji yaliyo mita moja au mbili tu kutoka alipo, kila wimbi likionekana. Ukishuka hadi usawa wa jicho lake, kilicho nyuma yake kinakuwa ng'ambo ya ziwa, mita 100 au zaidi, nacho kinalainika kuwa rangi tupu. Hakuna badiliko lingine lisilogharimu kitu linalobadilisha picha kiasi hiki. Skrini ya kamera ikikunjuka, huna hata haja ya kulala kifudifudi.

Mipangilio ya kuanzia

Chagua kasi ya shata na tundu la lenzi mwenyewe, na uiachie kamera ISO, yaani unyeti wa kihisi kwa mwanga. Tundu liwe wazi kadiri lenzi inavyoruhusu, f/5.6 au f/6.3. Kasi hufuata tendo: 1/250 ya sekunde kwa ndege aliyetulia, 1/500 kwa anayeogelea au kutembea, 1/2000 kwa anayeruka, na 1/3200 kwa mdiria anayejitupa majini. Kabla jua halijatokea, 1/200 na ISO 3200 ni kawaida kabisa. Usiiogope chengachenga (vidoa vidogo vya ISO kubwa), picha yenye chengachenga husafishika, iliyotikisika haina dawa.

Fokasi iwe ile ya kumfuata ndege mfululizo, na kwa kamera yenye uwezo wa kutambua jicho la ndege, iwashe. Itakusaidia sana, lakini ina udhaifu wake ziwani. Maji yakiwa kama kioo, hushika jicho la kwenye taswira badala ya jicho lenyewe, na ndege akipita nyuma ya matete hurukia matete. Punguza eneo la fokasi liwe kisanduku kidogo, ukiweke kichwani. Lenzi yenye swichi ya kuweka mipaka ya umbali, izuie isitafute karibu ya mita 3.

Mwangaza ndio unaowatesa wengi. Kipimo cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, kwa hiyo hudanganyika na yangeyange mweupe juu ya maji meusi: humwona kama doa dogo, huangaza maji, na manyoya yake yanageuka karatasi tupu. Mpunguzie mwangaza kwa kiwango (stop) 1 hadi 1.7. Mnandi mweusi aliyejaza picha naye mpunguzie 0.7 hadi 1, la sivyo kamera itamgeuza kijivu. Ndege aliye mbele ya anga jeupe, ongeza 1 hadi 2. Washa tahadhari ya kumetameta kwenye sehemu zilizoungua, upige yangeyange mmoja wa majaribio. Akimetameta mgongoni, punguza tena.

Jua likishakaa sawa na hakuna mawingu, izime ISO ya kujiendesha uiweke kwa mkono. Ndege akiruka kutoka mbele ya miti myeusi hadi mbele ya anga, mwanga unaomwangukia haujabadilika; kilichobadilika ni nyuma yake tu. Kamera inayojiamulia itambadilisha rangi katikati ya mruko.

Piga faili ghafi (RAW), na uwe na picha za mfululizo fupi fupi. Kamera ya picha 10 kwa sekunde ikishikiliwa sekunde 4 imeshajaza picha 40, na nyingi husimama kumeza data pale pale samaki anapotoka majini. Ukitumia shata ya kielektroniki, kagua mbawa: kihisi kinachosomwa polepole huzipinda kama mpira. Ukiona hivyo rudi kwenye shata ya kawaida.

Kusoma tendo kabla halijatokea

Fika dakika 30 kabla ya macheo, ukae, na usiguse shata kwa dakika kumi za kwanza. Ndege waliosogea ulipofika watarudi.

Mtazame bata anayeoga. Huzamisha kichwa, hujirushia maji mgongoni, hurudia mara tano, sita, mkia ukitikisika. Kisha hutulia kidogo, hunyoosha shingo, na ghafla huinuka wima juu ya maji na kukung'uta mbawa zote mbili. Tendo lenyewe halimalizi sekunde mbili. Anayeanza kutafuta ndege kwenye kamera wakati huo amechelewa. Anayeijua ile shingo tayari amegeuza kamera wima na kuacha nafasi juu ya kichwa na pembeni kwa ajili ya mbawa. Mbawa zilizokatwa ncha ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi kwenye picha za aina hii, na chanzo chake ni kumbana ndege kwenye fremu akiwa bado amekunja mbawa.

Mdiria hurudi kwenye tawi au nguzo ile ile tena na tena, na humpigiza samaki hapo kabla ya kummeza. Basi achana na kumkimbiza. Fokasi kwenye tawi na usubiri. Yule mweusi kwa mweupe huelea hewani akiukabili upepo kabla ya kujitupa, naye hukupa sekunde kadhaa za kumshika.

Mnandi akitaka kuondoka majini hukimbia juu ya maji kwa mita kadhaa, na vivyo hivyo kukuziwa. Fuata mwendo wake kwa mkono laini ukipiga, uache nafasi mbele yake. Mnandi akiwa amesimama juu ya gogo ametandaza mbawa kuzikausha, hana haraka, na hapo una muda wa kurekebisha kila kitu. Yangeyange anayewinda huganda, kisha shingo hurefuka polepole kuelekea maji: anza mfululizo hapo hapo, kwani dungo lenyewe ni la kasi kuliko kidole chako. Kibisi akizama, tazama sehemu kubwa ya maji kwa macho yako, nje ya kamera, kwa sababu huibuka mahali pengine kabisa.

Yanayoharibu picha bila kujionyesha

Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla kwenye unyevu wa ziwani hufunikwa na ukungu. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto taratibu. Usifute kwa nguvu na usibadilishe lenzi wakati huo.

Picha za mbali zikianza kuonekana laini kama zimechorwa kwa maji, ingawa kasi ni 1/2000, tatizo ni hewa ya joto inayotetemeka kati yako na ndege. Huanza mapema zaidi juu ya lami na saruji. Hakuna mpangilio unaoiponya. Piga walio karibu tu, au funga mkoba.

Uzio wa waya unapitika: sogeza hudi ya lenzi karibu kuugusa, fungua tundu lote, na ndege awe mbali na uzio. Waya zitayeyuka, ila uzio wenye matundu madogo sana hupunguza ukali wa picha hata hivyo.

Na kagua takataka. Chupa ya plastiki nyuma ya korongo ni sehemu ya ziwa la mjini, na picha inayoionyesha kwa makusudi ina maana yake. Ikiwa haimo kwenye kusudi lako, ngoja ndege apite.

Mipaka

Usiwarushie mkate ili wasogee. Hauna lishe ya maana kwao, na unaobaki huoza na kuchafua maji. Ndege akiacha kula akakukodolea macho, au akirudia kunyoosha shingo na kuinamisha mwili kuondoka, umemkaribia mno: rudi nyuma polepole. Kwenye viota kaa mbali kabisa, kwa sababu mzazi akikimbia dakika chache, kunguru wa mjini hawahitaji zaidi ya hapo. Uzi wa kuvulia uliotelekezwa ukingoni, uokote. Huwafunga ndege miguu na mbawa. Uliza pia kama hifadhi au bustani husika inadai kibali cha stendi au lenzi ndefu.

Ukirudi nyumbani

Chuja siku hiyo hiyo. Zipitie mara ya kwanza ukitazama jicho tu kwa ukubwa kamili: lisilo kali, futa. Mara ya pili tazama mbawa, pembe ya kichwa na nukta ya mwanga jichoni. Nyoosha mstari wa maji kabla ya kukata, maana ukikata kwanza utakosa nafasi ya kuzungusha. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikikatwa nusu kila upande hubaki 3000 kwa 2000, inayotosha kuchapishwa kwa ukubwa wa A4. Chini ya hapo ibaki ya skrini. Ukiziweka eBird au iNaturalist, tovuti za kurekodi ndege na viumbe vingine, andika tarehe na mahali kwa usahihi, isipokuwa penye kiota cha ndege adimu: hapo futa alama ya mahali iliyomo ndani ya faili kabla hujaituma popote.