Begi la ng'ambo kutoka mwisho wa reli: maelekezo ya fundi wa mabegi, Kigoma

Meza yangu iko Mwanga, Kigoma mjini. Nina cherehani moja, kopo la ribiti na gunia la matairi ya mabegi yaliyokufa. Wanaokwenda kusoma Uturuki wanapita kwangu, mahujaji wa Ujiji wanapita, wafanyabiashara wa Guangzhou nao wanapita. Wakirudi, wengi hupita tena na begi lililovunjika mahali palepale: zipu, tairi au mkono wa kuvuta.

Usisahau kwamba begi la Kigoma linateseka kabla halijaiona ndege kubwa. Kuna treni au basi la zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na wenye uwezo wanapanda pangaboi. Ukifuata ushauri wa mtu anayetoka nyumbani kwa teksi hadi uwanja wa ndege, utaumia.

Hatua ya 1: Soma tiketi kabla ya kununua begi

Mashirika mengi yanayotutoa Dar kwenda nje yanaruhusu begi la mkononi la kilo 7, lenye ukubwa wa kama sentimita 55 kwa 40 kwa 20. Begi la kukabidhi kaunta mara nyingi ni kilo 23, na ukijumlisha urefu, upana na kina lisizidi sentimita 158. Kilo 32 ndiyo mwisho kwa begi moja, hata ukiwa na hela ya kulipia, kwa sababu kuna binadamu wa kulinyanyua. Pima kwa futikamba, na upime pamoja na tairi na mkono wa juu. Watu husahau hivyo viwili, halafu wanabishana na kaunta.

Kama tiketi ya Kigoma hadi Dar umeinunua mbali na ile ya nje, linganisha zote mbili na upange mzigo kwa ile yenye kilo chache.

Hatua ya 2: Chagua begi

Mwaka jana alikuja mama mmoja na binti yake.

"Fundi, begi hili zuri?"

Lilikuwa jipya, gumu, linang'aa, tairi nne. Binti akaniamkia, nikaitikia marahaba, nikalipeleka kwa jirani yangu muuza dagaa, nikalitundika kwenye mizani likiwa tupu. Kilo 4 na nusu.

"Mama, umemnunulia mwanao kilo 18 na nusu," nikamwambia. "Hizo nyingine kati ya 23 zinaliwa na begi lenyewe."

Basi pima begi tupu kwanza. Kwa la mkononi jambo hili ni kubwa zaidi: begi la tairi la kilo 3 linakuachia kilo 4 tu kati ya zile 7, wakati begi la mgongoni la kitambaa kizuri huwa na kilo moja na ushee. Kijana mwenye mgongo mzima namshauri la mgongoni bila kusita.

Tairi nne ni za sakafu ya marumaru. Zimechomoza nje, zinazunguka kwa kikombe chembamba cha plastiki, na kokoto za stesheni zinazikata kama karanga. Tairi mbili zilizozama ndani ya kona ya begi ndizo zinazofaa kwetu. Geuza begi uangalie zimefungwa kwa nini. Zikiwa za skurubu nabadilisha kwa dakika kumi. Zikiwa za ribiti inabidi nitoboe, na bei inapanda.

Begi gumu libonyeze katikati kwa kidole gumba. La polikaboneti, yaani plastiki imara, linabonyea na kurudi. Likilia kama kopo au likaacha mstari mweupe, hilo litapasuka kona siku ya kwanza likitupwa.

Zipu sasa, na hapa nina dhambi yangu. Nyuma ya kichwa cha zipu kwa kawaida huandikwa namba. Namba 3 ni ya sketi, 5 ni ya jaketi, na begi kubwa linataka 8 au 10. Siku moja namba 8 ziliniishia, mteja ana treni jioni, nikamshonea namba 5. Ilifunguka akiwa safarini na nguo zake zikatoka kwenye mkanda wa mizigo moja moja, mbele za watu. Nilimrudishia hela na sijarudia. Ukiwa dukani, kimbiza kichwa cha zipu kwenye kona zote nne mara kumi. Kikikwama hata mara moja, rudisha.

Mtaniona mshamba, lakini begi la mtumba lenye zipu nzima nalipenda kuliko jipya la bei ya chini. Lile lilishapigwa huko lilikotoka na bado limesimama. "Shangazi kaja", ile mifuko mikubwa ya miraba, nayo usiidharau. Kwa kukabidhi kaunta haifai, maana inachanika, ila ikunje uilaze chini ya begi kwa ajili ya kurudi.

Hatua ya 3: Nguo

Tandaza kila kitu kitandani. Chukua za siku tano, hata kama unakwenda mwezi mzima, maana sabuni ipo kila nchi. Viatu jozi mbili: vizito unavaa, vyepesi unaweka begini na kujaza soksi ndani. Nguo viringisha kama mkeka, zibane kando kando ya begi, na vizito vikae upande wa tairi.

Kanga mbili hazikosi, hata kwa mwanamume. Ni taulo, ni shuka la ndani ya ndege, ni mto ukiikunja, na inakauka usiku mmoja. Taulo nene la bafuni linakula karibu kilo nzima, na likilowa ndiyo balaa.

Anayekwenda kwenye baridi anunue koti hapa hapa sokoni, kwenye mitumba, alivae au alishike mkononi siku ya safari. Koti limetoka Ulaya kwa meli, linarudi kwao kwa ndege bila kulipiwa kilo.

Hatua ya 4: Dagaa na mawese

Hapa ndipo watu wa Kigoma tunapoharibikiwa. Huwezi kumwendea ndugu yako aliye ng'ambo mikono mitupu, najua.

Nchi za Umoja wa Ulaya hazitaki nyama wala maziwa kutoka huku, kwa hiyo nyama kavu na samli viache. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusu hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2, kwa hiyo hata ile ya Tabora inaingia. Nchi nyingine zina sheria zao, na Australia ni wakali kupita kiasi. Popote unapoulizwa kama umebeba chakula, sema ndiyo na ufungue begi.

Dagaa waanike tena siku moja hata kama muuzaji wa mwalo wa Katonga amekuapia kwamba wamekauka. Wapepete mchanga, wafunge kwa karatasi za kaki, kisha watie kwenye kopo la mfuniko wa kuzungusha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata ingekuwepo haizuii harufu.

Mawese ni mzigo wa kaunta tu. Lita moja ni karibu gramu 900, kwa hiyo usijidanganye kwamba "ni kachupa". Jaza hadi mabegani mwa chupa, acha nafasi ya kutanuka, kaza kifuniko, kisha ingiza chupa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana. Niliwahi kuletewa begi ambalo chupa ilivuja. Bitana lote lilikuwa rangi ya embe bivu. Nilifua mara tatu, maji yakazidi kuwa mekundu, mwisho nikalichana lote na kushona jipya.

Hatua ya 5: Begi la mkononi

Pasipoti, kadi ya njano ya chanjo, dawa zikiwa kwenye pakiti zake, na nguo ya kubadilisha kama begi kubwa litachelewa. Mafuta na losheni ziwe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100 kila kimoja, vyote viingie kwenye kifuko kimoja angavu cha lita moja. Chupa ya mililita 200 iliyobaki nusu haikubaliki. Wanaangalia chupa.

Pawabenki haiendi kwenye begi la kaunta kabisa, kwa sababu betri ikishika moto lazima awepo mtu wa kuizima. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Zidisha namba ya mAh iliyoandikwa kwenye pawabenki kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoa 74, hiyo inapita.

Hatua ya 6: Pima

Usiku wa kuamkia safari umeshachelewa. Pima siku mbili kabla, kwa mizani ya kutundika ya muuza dagaa. Simama kwenye kilo 22, si 23, maana mizani ya kaunta na ya sokoni hazikuzaliwa tumbo moja.

Hatua ya 7: Kaunta, na ukifika

Piga picha begi likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa. Ukibandikiwa kitambulisho cha mzigo, soma herufi zake tatu za uwanja wa ndege. Kigoma ni TKQ, Dar ni DAR. Kikiwa kimeishia DAR, begi halitakufuata ng'ambo: utalichukua mwenyewe na kulivuta kutoka Jengo la Pili la abiria, la safari za ndani, hadi Jengo la Tatu, la safari za nje, na hapo utazikumbuka tairi zangu mbili.

Likitoka limevunjika, usivuke mlango wa kutokea. Nenda kwenye dawati la mizigo wakuandikie ripoti, uchukue nakala. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na la kuchelewa ndani ya siku 21. Shirika likitaka makadirio ya matengenezo, mimi huyaandika na kugonga mhuri. Lilete kama lilivyo, na kipande kilichovunjika usikitupe.